Bento 40 za Kisumu: stika zilibanduka, mchuzi ukamwagika, na shida ilianza kabla ya zote mbili

Oda yenyewe ilikuwa hivi. Wazazi wa darasa la PP2, yaani chekechea mwaka wa pili, kwa shule moja ya kibinafsi mjini Kisumu walikubaliana kwa grupu yao ya WhatsApp watoto wote wabebe boksi za chakula zinazofanana, zile za Kijapani wanaita bento, vyumba vitatu ndani, kifuniko cha klipu nne, na juu ya kifuniko jina la mtoto na kapicha ka mnyama. Boksi 40. Dada aliyechukua hiyo oda anauza vyombo vya jikoni, mimi niko Nakuru na kazi yangu ni kuandika majina na michoro kwa vyombo, kwa hivyo huwa tunatumiana kazi na shuttle mara kwa mara. Hii hakuniletea manake shule zilikuwa karibu kufunguliwa na akapata fundi wa stika hapo hapo mjini. Mimi nilikuja kuziona zikiwa zimesharudishwa.

Kila mtu aliyesikia hii stori alisema fundi wa stika ndo alimharibia. Mimi nasema stika ni kitu cha mwisho kwenda vibaya. Hakuna mtu aliuliza watoto wanabeba chakula gani, na hiyo ndo ilikuwa swali ya kwanza.

Hesabu yake ilikuwa nzuri kwa karatasi. Boksi moja kwa jumla Nairobi ni KSh 620, lakini mwenye duka hafungui katoni na katoni ni boksi 50, so akalazimika kuchukua zote. Stika ni KSh 80 kwa boksi, usafiri ukigawanya KSh 30, akauza KSh 1,000. Ukipigia zile 40 peke yake gharama ni 29,200 na mauzo ni 40,000, faida 10,800. Alilipwa nusu kwa M-Pesa kabla ya kuanza na nusu siku ya kupeana. Wazazi walipiga picha, walifurahi, watoto nao hata zaidi.

Halafu meseji zikaanza. Mama mmoja aliandika, "Dada, jina la mtoto wangu limebaki herufi mbili." Mwingine akasema ndengu imeingia kwa ndizi na mtoto akakataa vyote viwili, akashinda njaa. Mwalimu naye akapiga simu, akaongea kwa upole lakini alikuwa amechoka, akasema, "Madam, kila lanchi nafungua boksi za darasa mzima, hazifunguki, zimekwama kabisa." Alikuwa anatumia mpini wa kijiko kuzipasua na klipu za boksi saba zikavunjika. Mzazi mwingine akasema wali ulikuwa unanuka saa saba mchana. Ikafika mahali grupu yote inataka pesa irudi.

Alinitumia boksi sita na shuttle, zile mbaya zaidi, na akaniambia, "Dadangu, shika uangalie, uniambie ukweli hata kama ni mimi."

Nikageuza ya kwanza juu chini. Kwa tako kulikuwa na pembetatu na namba 5 ndani, na chini yake PP. Hiyo ni polipropilini, plastiki nzuri kwa chakula, inavumilia joto, ndo maana inatumika sana kwa vyombo vya maikrowevu. Haikuwa imetengenezwa Japani na haina shida, boksi nyingi za mtindo huu zinatoka Uchina na zingine ni imara kabisa. Ile ya Japani yenyewe utaijua kwa jedwali dogo la maandishi yao, kwa tako au kwa paketi, sheria yao ya kuweka lebo kwa bidhaa za nyumbani inataka waandike aina ya plastiki, joto inavumilia na ujazo kwa mililita. Mara nyingi utakuta kifuniko kinavumilia joto kidogo kuliko boksi, yaani hiyo kifuniko unaitoa kabla ya kuingiza maikrowevu. Ukiuza kitu cha Uchina sema ni mtindo wa Kijapani, mteja hatakimbia, lakini akigundua mwenyewe umempoteza.

Sasa stika. Jina la kwanza nililoangalia lilikuwa limekatwa kwa vinili ya waridi, ile karatasi ya plastiki ya stika, herufi za mwandiko wa mkono zile zimeshikana, na mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa umeinuka. Ukiinamisha kifuniko kwa mwanga wa dirisha unaona chini ya vinili kuna mstari wa mafuta unaong'aa, umeingia kutoka kwa ule mkia ukatambaa hadi katikati ya jina. Nikapitisha ukucha, jina lote likatoka kama ganda la kitunguu, na gundi yote ikatoka nayo, kwa kifuniko hakukubaki hata alama. Hiyo inakuambia gundi haikuwahi kushika kabisa. Ingekuwa ilishika halafu ikachoka ungekuta mabaki ya gundi kwa plastiki.

Sababu ni hiyo hiyo PP. Uso wake haupendi kushikwa na kitu, weka tone la maji uone vile linajikunja badala ya kusambaa, na gundi inafanya vivyo hivyo, inakaa juu juu tu. Pia wino wa kawaida hivyo hivyo. Kwa ABS, ambayo ni ile plastiki ngumu inayong'aa ya vifuniko vingine, stika inashika vizuri zaidi, lakini ABS nayo usiingize maikrowevu. Fundi akifahamu anaosha kwa sabuni, anapangusa na spiriti, anapaka praima ya PP, dawa ya kusaidia gundi ishike, anabandika, halafu anaacha ikae siku moja mpaka tatu bila kuguswa na maji manake gundi inaendelea kushika polepole. Hizi zilibandikwa jioni zikapeanwa asubuhi, na vile nilivyoona vinili yenyewe ilikuwa ile ya kubandika ukutani ukijua utaitoa. Halafu nyumbani zikaoshwa na maji moto na waya ya sufuria. Kifuniko chenyewe ni laini, mtoto akikibonyeza kinapinda, na stika haipindi nacho.

Watu huniuliza, mbona ile boksi ya supamaketi iko na katuni na haibanduki miaka yote? Jibu ni kwamba kiwandani ile picha mara nyingi haibandikwi baadaye, inawekwa ndani ya kalibu kabla plastiki iliyoyeyuka haijaingizwa, so picha na kifuniko vinatoka vikiwa kitu kimoja. Hiyo sisi wa mtaani hatuwezi. Na leza je? Leza kwa mbao ni safi sana, kwa stili pia ukiwa na mashine inayofaa, lakini kwa PP inayeyusha tu, unapata mfereji wenye kingo za kukwaruza na jina halionekani vizuri kwa plastiki nyeupe. Na kama uko na mashine ya leza tafadhali usiwahi kukata vinili ya PVC nayo hata siku moja. Inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ni asidi kali, inaumiza mapafu na inakula mashine kwa kutu. Nimeona vijana wakifanya hivyo kwa chumba kimefungwa dirisha, inaniuma roho.

Kwa hiyo ndio, fundi alikosea. Lakini tuseme majina yangeshika kama msumari. Ndengu bado ingeingia kwa ndizi.

Nilijaza chumba kikubwa cha boksi moja na chai ya rangi, vingine viwili nikaweka karatasi ya tishu kavu, nikafunga klipu zote, nikailaza kwa ubavu juu ya gazeti. Nje haikutoa hata tone, raba ya silikoni ilikuwa sawa. Nikafungua. Tishu zote mbili zilikuwa zimelowa chai. Ukiangalia kwa jicho la karibu unaona kuta za kugawa vyumba hazifiki kwa kifuniko, zinaachia nafasi ndogo kama unene wa sarafu, na raba inazunguka ukingo wa nje peke yake. Yaani boksi haivuji kwenda nje, inavuja ndani kwa ndani. Muuzaji alikuwa ameambia wazazi "haivuji" na hakudanganya, lakini mama akisikia haivuji anawaza maharagwe yake hayatafikia tikiti maji.

Na hapa ndo lazima tuelewe hii boksi ilitengenezewa nini. Chakula cha bento ni kikavu. Wali wa Kijapani ni ule wa punje fupi unaoshikana, unabonyezwa ukajaza chumba, kando yake kipande cha samaki wa kukaanga au kuchoma, yai lililokunjwa, mboga iliyokamuliwa maji, kachumbari ya chumvi. Sosi inaenda kwa kichupa chake kadogo. Vitu vinabanwa pamoja visisogee, na huo ubanaji ndo unafanya kazi ya kuzuia kuchanganyika, si zile kuta. Tena wali unaachwa upoe kabla ya kufunika. Chakula kinaliwa kikiwa baridi na hakuna mtu analalamika, hata zile bento za kuuzwa kwa stesheni za treni watu wanakula hivyo hivyo. Kule Odate, mkoa wa Akita, wanatengeneza boksi za mbao nyembamba za mwerezi wa kwao zilizokunjwa duara, zinaitwa magewappa, na sifa yake kubwa ni kwamba mbao inanyonya unyevu wa wali ukipoa kwa hivyo wali haulowi. Mtu alianza na wali, halafu akachagua mbao.

Sasa mama wa Kisumu anabeba nini? Wali wa pishori ambao punje zake zinaachana, na ndengu zenye mchuzi, au samaki wa mchuzi wa nyanya, au ugali na sukuma na mchuzi wa nyama manake mtoto hawezi kumeza ugali mkavu. Kwetu mchuzi ndo chakula. Hauwezi kuukamua ukaacha. Tena mtoto akitoka nyumbani boksi inaingia kwa begi imesimama wima, begi inapanda boda, boda inaruka matuta, na kufika saa ya lanchi imepinduka mara kadhaa.

Kukwama nako ni jambo la joto. Mama anaamka mapema, anapika, saa kumi na mbili na nusu anapakua chakula kikiwa kinatoa moshi na anafunga klipu hapo hapo ndo kifike moto. Mvuke unasukuma hewa nje kabla klipu hazijabana. Chakula kikipoa mvuke unarudi kuwa maji, ndani kunabaki hewa kidogo, na hewa ya nje inakandamiza kifuniko. Kifuniko cha hizi boksi ni kama sentimita 17 kwa 11, na hata hewa ya ndani ikipungua sehemu moja tu kati ya kumi tayari kifuniko kinakandamizwa na uzito wa zaidi ya kilo kumi na tano. Mtoto wa miaka mitano atafungua na nini? Zile klipu hazikuwa mbovu, mwalimu alikuwa anapigana na hewa. Boksi zingine ziko na kizibo kidogo cha silikoni juu ya kifuniko, unakiinua hewa inaingia "psss" na kifuniko kinaachia. Hizi za katoni hazikuwa nacho, na tofauti ya bei kwa jumla kati ya zenye kizibo na zisizo nacho ni ndogo sana. Ningekuwa nauza za watoto singegusa zisizo na kizibo.

Ule wali ulionuka ndo ulinipa wasiwasi zaidi kuliko majina yote. Kisumu kuna joto, mchana ni kawaida kufika karibu nyuzi 30, na chakula kikikaa kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria wanaongezeka haraka. Wali uko na wake anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kupikwa, zinangoja wali ukae vuguvugu masaa mengi, na sumu anayotoa haiondoki hata ukipasha tena. Boksi ya plastiki iliyofungwa na wali moto inakaa vuguvugu asubuhi yote, hakuna mahali pabaya kuliko hapo. Kwa hivyo ni moja kati ya mbili, ama kipoe haraka kabisa kwa sahani pana kabla ya kufunika na kisafiri na kipande cha barafu kwa begi, ama kibaki moto kweli kweli, juu ya nyuzi 60, mpaka saa ya kula.

Na kuna chombo cha hiyo ya pili, na Wajapani hao hao wanakitumia. Ni jagi fupi la stili la kuta mbili lenye mdomo mpana, kampuni kama Zojirushi ya Osaka, iliyoanza 1918, wanatengeneza seti nzima zenye chombo cha supu, cha wali na cha mboga. Unamwaga maji yanayochemka ndani, unafunika dakika tano, unamwaga, unaweka ndengu zikiwa zinachemka. Za kawaida zisizo na jina kubwa zinapatikana hata hapa Nakuru na Kisumu kwa maduka ya vyombo. Na kwa vile ni stili, jina unaweza kuchonga kwa leza likakaa miaka. Hiyo ndo oda iliyofaa wale wazazi, boksi ndogo kavu ya matunda na chapati, na jagi ya mchuzi.

Kuna kitu kingine niliona kwa zile boksi sita na nikamwambia bila kuzunguka. Mbili zilikuwa na Hello Kitty. Mzazi aliomba, fundi akatoa picha kwa mtandao akakata. Huyo paka ni mali ya Sanrio tangu 1974, na Kenya tuko na sheria ya hakimiliki ya 2001 na sheria ya bidhaa bandia ya 2008. Chora paka wako mwenyewe, watoto wanapenda paka yeyote mwenye mashavu. Na vile vijiti vya rangi vya kuchomea matunda alivyokuwa anatoa kama zawadi, nilimwomba aviondoe kwa oda za PP1 na PP2. Ni vikali na ni vidogo.

Turudi kwa pesa, manake wazazi walikuwa wanangoja. Maoni yangu yalikuwa asirudishe 40,000, boksi ni nzima na zinatumika, lakini pia asiambie watu "mnaziosha vibaya", hata kama kuna waliotumia waya. Alichofanya ni hiki. Zile saba zenye klipu zimevunjika akabadilisha kutoka kwa zile kumi alizobaki nazo, hiyo ni 4,340 kwa bei ya kununulia. Majina akayahamisha kabisa kutoka kwa kifuniko. Kuna mama ana mashine ya kudarizi karibu na soko la Kibuye, akamshonea vitambaa 40 vya kitenge vya mraba, jina la mtoto limedariziwa kwa pembe, KSh 150 kila kimoja, jumla 6,000. Wajapani nao hufunga bento kwa kitambaa namna hiyo, wanaita furoshiki, unaweka boksi katikati, unafunga pembe mbili mbili juu, na mtoto akifungua anakitandika kwa meza. Kinafuliwa, hakibanduki, na boksi inabaki imelala haisimami kwa begi. Mimi upande wangu niliondoa vipande vya stika kwa zile sita na nikazirudisha bila kumlipisha.

Ukitoa 4,340 na 6,000 kwa ile faida ya 10,800 anabaki na KSh 460. Alilia kidogo kwa simu, nami nilimwelewa, amelea watoto wawili na hiyo biashara. Nikamwambia hiyo 460 iko na grupu ya wazazi 40 ambao bado wanamsalimia.

Kikao na wazazi kilikuwa Jumamosi shuleni. Alibeba boksi moja, chai ya rangi na tishu, akafanya mbele yao lile jaribio nililofanya mimi, akawaonyesha inavuja wapi na haivuji wapi. Akawaonyesha kupoesha wali kwa sahani kabla ya kufunika, na kama boksi imekwama, mwalimu aikalishe kwa maji ya vuguvugu kidogo hewa ya ndani ipanuke, asitumie kijiko. Baba mmoja alikuwa bado na hasira, akasema alilipia jina kwa kifuniko na anataka jina kwa kifuniko. Huyo alirudishiwa 80 yake ya stika hapo hapo, na akachukua kitambaa pia. Wazazi kadhaa waliagiza jagi za stili siku hiyo, na hizo ndo alinitumia Nakuru nichonge.

Sasa akipokea oda anauliza kwanza mtoto anabeba nini Jumatatu mpaka Ijumaa, anafika shule na nini, nani anamfungulia, na shule iko na mahali pa kupasha au hapana. Rangi na jina anauliza mwisho. Anapeana sampuli moja mzazi akae nayo wiki nzima kabla ya kulipisha dipoziti ya zingine. Ameacha pia kununua katoni nzima, wanagawana na muuzaji mwingine, kila mtu boksi 25. Zile tatu zilizobaki kwa katoni ya kwanza aliuza bila jina kwa wafanyakazi wa ofisi mjini wanaobeba chapati na mayai, na hao hawajarudisha hata moja.